Vuli ya kalenda ile si vuli yetu: lini nyasi za Dar ziwekewe mbolea

Msomaji wa Kibada, Kigamboni, anauliza:

"Habari za kazi, mtaalamu. Nina bustani ya mbele yenye nyasi za paspalamu, mita 15 kwa 12. Udongo ni mchanga, na namwagilia maji ya kisima yenye chumvi kidogo. Nilipata mtandaoni kalenda ya mbolea ya misimu minne, imetafsiriwa kwa Kiswahili, nikaifuata. Ilisema vuli mbolea ya naitrojeni isimame, kwa hiyo vuli iliyopita sikuweka kitu. Ilisema majira ya joto weka. Joto letu ni Januari, kijana wa bustani akaweka yurea kilo 10, nyasi zikaungua mabaka mabaka. Ilisema Aprili ndiyo mbolea kubwa ya mwaka, tukaweka NPK 17-17-17 (ile ya naitrojeni, fosforasi na potashi kwa viwango sawa) kilo 10, sikuona tofauti yoyote. Sasa ni Juni, nyasi ni za njano na zimekuwa chache. Nimekosea wapi? Niweke nini, na lini?"

Dada yangu, pole kwa nyasi na pole kwa fedha iliyokwenda. Nimeisoma barua yako mara mbili, na sioni kwamba ulizembea. Ulifuata maelekezo kwa uaminifu kabisa. Tatizo limeanzia kwenye neno moja: vuli.

Watu wa nchi za kaskazini wana majira ambayo majani hupukutika na baridi hukaribia. Watafsiri wetu wameyaita vuli. Lakini kwetu pwani vuli ni mvua, zile za Oktoba mpaka Desemba. Kalenda yako ilisema naitrojeni isimame kwa sababu kule nyasi zinajiandaa kulala. Majani machanga yakichipua mwishoni mwa msimu, baridi kali huyaua. Dar es Salaam usiku wa baridi kuliko zote, wa Julai au Agosti, hushuka mpaka nyuzi 18 hivi. Hakuna nyasi inayolala kwa baridi hiyo. Paspalamu, ukoka ambao wauza miche huuita bermuda, zoisia na nyasi za Pemba zote ni nyasi za joto, hustawi zaidi kati ya nyuzi 27 na 35. Kwa hiyo ulizinyima chakula miezi ileile zilipokuwa na kila kitu kingine: joto, jua na maji ya mvua ya kiasi.

Kinachosimamisha nyasi zetu ni maji, yakipungua au yakizidi. Ndiyo maana mimi kalenda ya mbolea ya Dar naifuatisha na maji, halafu naangalia udongo una uwezo gani wa kushika kile ninachoweka. Wako ni mchanga, na hilo linabadilisha karibu kila kitu.

Mfinyanzi na mboji vina uwezo wa kuzishikilia baadhi ya virutubisho mpaka mizizi ivifikie. Punje ya mchanga haina uwezo huo. Yurea ikiingia ardhini hugeuka kuwa amonia, kisha vijidudu vya udongo huigeuza kuwa naitreti, na naitreti haishikwi na udongo wowote ipasavyo. Huenda na maji popote yaendapo. Dar Aprili peke yake kwa wastani hupata zaidi ya milimita 200 za mvua. Katika bustani yako ya mita za mraba 180, hizo ni lita 36,000, sawa na kumwaga matanki 36 ya lita elfu juu ya mchanga mtupu. Ni kama kuteka maji kwa pakacha, na sijui mfano unaofaa zaidi kwa mbolea ya Aprili pale Kibada. Naitrojeni ya ile NPK ilikuwa imeshapita chini ya mizizi kabla nyasi hazijaifaidi.

Ya Januari ni habari tofauti. Hapo tufanye hesabu kidogo, maana kwenye hesabu ndipo bustani nyingi za mjini huharibika.

Nyasi kwenye mchanga wa pwani naziwekea gramu 2.5 za naitrojeni kwa kila mita ya mraba kwa mara moja. Kwako ni gramu 450. Yurea ina naitrojeni asilimia 46, kwa hiyo gramu 450 zinapatikana ndani ya kilo moja ya yurea. Kilo moja tu, kwa bustani nzima. Ukitumia CAN (kalsiamu amonia naitreti) yenye asilimia 26 ni kilo 1.7, na salfeti ya amonia, ile SA yenye asilimia 21, ni kilo 2.1. Kijana wako aliweka kilo 10, yaani dozi kumi kwa mkupuo, katika mwezi ambao upepo wa kaskazi unakausha udongo na maji unayomwagilia yenyewe yana chumvi. Mbolea ya dukani ikiyeyuka hufanya kazi kama chumvi. Ikizidi kwenye udongo, maji badala ya kuingia kwenye mzizi hutoka kwenye mzizi. Nyasi hukauka zikiwa zimesimama kwenye unyevu. Mabaka uliyoyaona ni mahali konzi ya mkono ilipoangukia.

Usimgombeze huyo kijana. Wengi wao hawajafundishwa na mtu kupima, wamerithi kumwaga kwa mkono kutoka kwa mwenzao. Mpe mizani. Kama nyumbani huna, mangi wa mtaani atakupimia kilo moja ndani ya mfuko kwa hisani tu.

Sasa tuje kwenye hali ya leo, Juni, na nyasi za njano.

Kabla hujanunua chochote, tuhakikishe ni njaa. Njano ina sababu zaidi ya moja na kila moja ina dawa yake. Chagua kipande cha mita moja kwa moja, kiwekee vijiti pembeni. Chukua kijiko kimoja cha chai cha yurea, takriban gramu 5, koroga kwenye maji lita 10, mwagia kipande hicho peke yake jioni. Baada ya siku tano mpaka saba, kama ni njaa ya naitrojeni, kipande kitakuwa kijani kiasi cha kuonekana ukiwa getini. Kama mna mbwa wa ulinzi huenda jibu unalo tayari: angalia anapokojoa. Katikati pameungua, lakini kama pembeni kuna duara la kijani kibichi lililoshiba kuliko bustani nyingine, hiyo ni yurea ya mkojo iliyopungua ukali, na nyasi zinakuambia ndicho zinachokosa.

Kama hakuna mabadiliko, tazama jani lenyewe. Njaa ya naitrojeni huanzia kwenye majani ya zamani, ya chini, na njano yake imeenea jani zima. Ukikuta majani mapya ya juu ndiyo ya njano huku mishipa imebaki ya kijani, hapo pana upungufu wa chuma. Huo nimeukuta sana Msasani, Kunduchi na sehemu za Kigamboni ambako chini kuna mawe ya matumbawe. Chokaa yake huzuia nyasi kupata chuma hata kama kimo ardhini. Dawa yake ni salfeti ya chuma, gramu 100 kwa bustani yako yote, ndani ya maji lita 30 hivi, unapulizia kwa bomba majani yakiwa makavu na jua limeshuka. Lakini epuka vigae, zege na kuta nyeupe. Doa la kutu litakaa hapo kuliko rangi ya kijani itakavyokaa kwenye nyasi.

Na kama kipande kina njano ya ulegevu, udongo unanuka uvundo na mizizi imekuwa ya kahawia, hapo maji ya masika yalituama na mizizi ikakosa hewa. Mbolea haitasaidia. Choma udongo kwa uma wa bustani kila baada ya sentimita 10, acha upumue wiki mbili, halafu ndiyo ufikirie kulisha. Kwenye mchanga wako sitarajii hili, isipokuwa pembeni ambako fundi alishindilia kifusi wakati wa ujenzi.

Mimi, kwa ulivyoeleza, naweka dau kwenye njaa. Mchanga umeoshwa na masika, na Juni ni mwezi ninaoupenda sana kwa kazi hii. Watu wengi huuacha upite kwa sababu wanaona kipupwe kimeingia na kuna kaubaridi. Udongo bado una unyevu chini, mvua kubwa zimekwisha, jua si kali. Kipimo kikikubali, weka kilo moja ya yurea sasa, pamoja na gramu 900 za salfeti ya potashi, kwa kuwa potashi nayo huoshwa kwenye mchanga na ndiyo inayozipa nyasi uvumilivu wa ukame na wa kukanyagwa. Baada ya wiki nne rudia kilo moja ya yurea peke yake. Usirudie NPK ya namba sawa mwaka huu. Fosforasi haikimbii na maji kwa urahisi kama naitreti, nyasi zilizokwisha kushika huihitaji kidogo sana, na ile ya Aprili inazitosha. Ya ziada itakwenda mtaroni na mwisho wake ni baharini.

Kuanzia Agosti mpaka mvua za vuli, kaa kimya. Kama unamwagilia vizuri na nyasi zinaendelea kukua mpaka unalazimika kuzikata kila wiki, nusu kilo ya yurea mwanzoni mwa Septemba haitadhuru. Kama humwagilii, usiweke hata punje. Nyasi zilizonyamaza kwa kiu zikisukumwa na naitrojeni hutumia akiba ya mizizi kutoa majani ambayo hazina maji ya kuyahudumia.

Kisha inakuja vuli, hii yetu. Usifuate tarehe, fuata udongo. Siku utakapochomeka kidole na kukuta unyevu umefika chini ya kidole chote, na mvua imerudi angalau mara mbili ndani ya wiki, weka kilo yako moja. Mwaka mmoja itakuwa Oktoba, mwingine itakuwa Novemba imeshakolea. Mnakumbuka vuli ya 2022 ilivyochelewa, Mto Ruvu ukapungua mpaka tukaingia kwenye mgao wa maji. Na vuli ya 2023 ikaja na El Niño, mvua zikafanana na masika. Mwaka wa namna ya kwanza nilisubiri. Mwaka wa namna ya pili niligawa dozi nusu nusu kila wiki mbili ili mvua moja kubwa isiondoke na yote. Utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa hutolewa mapema, usome kabla ya kununua mbolea. Vuli ya kawaida inabeba dozi mbili, na ya tatu Desemba kama mvua zinaendelea. Huu ndio wakati wa kuziba mabaka pia. Pandikiza vipande kutoka sehemu iliyoshona, paspalamu hutambaa haraka sana mwezi wa kumi na moja.

Januari na Februari ni kiangazi. Nusu kilo, mara moja, na kwa sharti kwamba unamwagilia mpaka chini. Nikiwa na mashaka hata kidogo kuhusu maji, naacha. Mwanzoni mwa Machi, wiki mbili au tatu kabla masika hayajashika, weka nusu kilo ya yurea na gramu 900 nyingine za salfeti ya potashi. Nyasi zitaingia kwenye mvua zikiwa na mizizi yenye nguvu bila kuwa na majani mengi mororo. Majani mororo kwenye unyevu wa Aprili ni karamu ya ukungu na ya viwavijeshi, nao nimewaona wakimaliza bustani nzima ndani ya siku tatu. Aprili na Mei mbolea ikae stoo, juu ya chaga, mfuko umefungwa vizuri maana yurea hunywa unyevu wa hewa ikawa tope.

Jumlisha yote hayo: kilo 4.5 mpaka 6.5 za yurea kwa mwaka mzima. Januari bustani yako ilipokea karibu mara mbili ya hizo kwa asubuhi moja.

Namna ya kuweka ina uzito sawa na kiasi. Changanya hiyo kilo moja na ndoo ya mchanga mkavu, ugawe mara mbili. Nusu ya kwanza tembea nayo kwa urefu wa bustani ukirusha kwa mkono, nusu ya pili tembea kwa upana. Majani yawe makavu ili punje zisigandie, udongo uwe na unyevu. Ukimaliza tu, mwagilia. Yurea ikilala juu ya udongo wenye joto hugeuka hewa na kupotea. Ile harufu kali inayochoma pua ni fedha yako inaondoka. Milimita 5 za maji zinatosha kuizamisha, na kwako ni lita 900, karibu simtanki moja ya lita elfu. Usizidishe, maana ukimimina matanki matatu utakuwa umejitengenezea Aprili nyingine.

Nimesema yurea mara nyingi, na nadhani utakutana na muuza duka atakayekuambia CAN ni salama zaidi. Kwa shamba la mahindi la bara ana hoja. Kwako wewe mwenye kisima cha chumvi, kwa kiasi kilekile cha naitrojeni yurea huongeza chumvi kidogo kuliko CAN au SA, ilimradi uizamishe mara moja. Kwa sababu hiyohiyo nimetaja salfeti ya potashi na siyo kloridi ya potashi, ingawa kloridi ni rahisi zaidi. Paspalamu huvumilia chumvi kuliko nyasi nyingine tunazopanda hapa, umechagua vizuri, lakini kuvumilia kuna mpaka. Miezi ya ukame chumvi ya kisima hujikusanya juu. Usimwagilie kidogo kidogo kila jioni. Mwagilia mara mbili kwa wiki, maji mengi, yaisukume chini ya mizizi. Na kama una paa na mfereji wa mvua, kinga maji ya vuli, uyatumie siku za kuweka mbolea.

Kuna mbolea zilizovikwa ganda zinazojiachia polepole, zinazofaa mchanga kuliko zote. Ukizipata na bei ukaimudu, chukua, ila muda wa miezi ulioandikwa kwenye mfuko umepimwa kwenye joto la chini kuliko letu. Hapa huisha mapema.

Lakini kama utafanya jambo moja tu kwa ajili ya udongo huo, liwe mboji. Mchanga wako hautashika mbolea yoyote mpaka uwe na kitu cha kushikia. Kila mwaka, Juni hii au Novemba, chekecha mboji iliyooza kabisa, tandaza unene wa milimita 5, sukumia kwa ufagio mpaka ncha za majani zitokeze. Ni ndoo 45 za lita 20 kwa bustani yako. Najua ni nyingi. Anza na nusu ya bustani, uone tofauti kiangazi kijacho. Samadi ya ng'ombe itumike ikiwa imekaa miezi na imepoa, haina harufu tena. Ya kuku wa kisasa ina chumvi na joto, iepuke isipokuwa imeshakuwa mboji. Na nakuomba sana, usikubali lori la udongo mweusi usilolijua lilikotoka. Huo udongo huleta ndago, na ndago ikishaingia kwenye paspalamu utaing'oa miaka. Chukua kiasi kwenye sufuria, mwagilia wiki mbili, uone kinachoota kabla ya kulipa.

Majani unayokata yaache palepale, mradi usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Yanaweza kurudisha mpaka robo ya naitrojeni ambayo nyasi zinahitaji kwa mwaka, na hayo wengi tunayafunga kwenye viroba tukimlipa mzoa taka ayabebe.

Ukitaka uhakika zaidi wa udongo wako, Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro na kituo cha TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Mlingano, Tanga, hupima sampuli. Chota sehemu kumi za bustani, kina cha sentimita 10 hivi, changanya, kausha kivulini, peleka nusu kilo. Waombe wakupimie uchachu, chumvi, potashi na mboji.

Kwa sasa anza na kile kipande cha mita moja jioni ya leo. Niandikie baada ya wiki umeona rangi gani, na kama haikubadilika niambie majani ya juu yakoje, kabla hujaenda dukani.